Tani ya Watumwa, Tani ya Pombe: Bei katika Michezo ya Biashara ya Angani

Dai kwamba michezo ya kompyuta ya biashara na vita vya angani humfundisha mchezaji uchumi limezoeleka kiasi kwamba halihitaji tena ushahidi. Edward Castronova aliyapa masoko ya kubuni heshima ya kitaaluma mwaka 2001, alipokokotoa pato la mkazi wa Norrath, dunia ya mchezo wa EverQuest, na kuliweka jirani na la Urusi. Francis Spufford, katika kitabu chake Backroom Boys cha 2003, aliusoma mchezo wa Elite sambamba na Uingereza ya Margaret Thatcher. Mmoja anapima, mwingine anasifu, na wote wawili wanakubali kwamba ndani ya michezo hiyo mna soko. Ukiitazama Elite kutoka Athi River, mji wa Kenya unaoishi kwa saruji, viwanda vya EPZ na malori ya Barabara ya Mombasa, hilo ndilo jambo la kwanza la kutilia shaka.

Elite ilitolewa na Acornsoft mwaka 1984, kazi ya wanafunzi wawili wa Cambridge, David Braben na Ian Bell. Kampuni ya Thorn EMI ilikuwa imeikataa. Mchezaji huanzia sayari ya Lave akiwa na fedha 100, chombo cha kubeba tani 20 na mzinga wa kujikinga na maharamia. Baada ya hapo hakuna anayemwambia aende wapi. Kompyuta ya BBC Micro, ambayo mchezo huo uliandikiwa, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu, ilhali ulimwengu huo una galaksi 8 zenye sayari 256 kila moja. Sayari hizo hazikuhifadhiwa popote: zilizalishwa upya kutokana na namba chache kila zilipohitajika. Ni ufundi wa hali ya juu, na hoja inayofuata haiupunguzii sifa.

Tatizo limo kwenye jedwali la bei. Kila bidhaa kati ya 17 ina bei ya msingi. Bei hiyo hupanda au hushuka kulingana na ngazi nane za uchumi wa sayari, kuanzia ya viwanda tajiri hadi ya kilimo maskini, kisha huongezewa namba ya kubahatisha. Basi. Mchezaji akimwaga tani 20 za chakula sokoni, bei haitikisiki. Akiruka kwenda nyota nyingine, ghala hujazwa upya. Hakuna muuzaji mwenye jina, na hakuna anayemdai mwenzake.

Miongoni mwa bidhaa hizo 17 wamo watumwa, nao hupimwa kwa tani. Bei yao ya msingi kwenye jedwali ni 40. Ya pombe ni 83. Zote mbili hushuka kwa 5 kwa kila ngazi sayari inaposogea kutoka viwanda kwenda kilimo. Kwa kuwa nyongeza ya kubahatisha kwa watumwa haizidi 31, hakuna sayari hata moja kati ya zote 2,048 ambako tani ya watu ni ghali kuliko tani ya pombe. Rubani aliyejiokoa kwa kapsuli ya dharura baada ya chombo chake kulipuliwa, akiokotwa, huandikwa kwenye orodha ya shehena kuwa mtumwa. Ni kweli kwamba sheria ya mchezo huwahesabu watumwa kama magendo, na mchezaji anayewabeba husakwa na polisi. Lakini marufuku hiyo inawaweka fungu moja na bunduki na dawa za kulevya. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 na hadhi ya utumwa kufutwa kisheria nchini Kenya mwaka 1907, jambo hilo si pambo la hadithi.

Biashara ya mbali iliyojaa hatari, kama ile ya Elite, ilikuwapo Ukambani kabla ya reli. Wanahistoria hawabishani sana hapa: John Lamphear mwaka 1970, na wengine baada yake, wameonyesha jinsi misafara ya Wakamba ilivyopeleka pembe za ndovu pwani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Wakamba wenyewe hawakuwa nje kabisa ya biashara ya watumwa. Hata hivyo bei ya pembe haikuwa sifa ya mahali. Ilitegemea nani amechanjiana damu na nani, nani alimpa mwenzake chakula mwaka wa njaa, nani anaaminiwa kwa mkopo. Kivoi wa Kitui, tajiri aliyesafiri na mmisionari Krapf, aliuawa mwaka 1851 msafara wao uliposhambuliwa karibu na mto Tana. Alikuwa na wafuasi wengi na jina kubwa. Mchezaji wa Elite hana hata utingo.

Na utingo ni muhimu. Kwenye mizani ya Mlolongo, kilomita chache kutoka Athi River, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori lenye ekseli za kutosha kufika tani 56. Lakini ekseli moja ikizidi, lori huzuiwa hata kama jumla yake ni halali, na mzigo hupangwa upya. Mtu hupanda juu ya trela, hufungua turubai, huhamisha magunia. Muda huo, mikono hiyo na malipo hayo vyote vimo ndani ya bei ya mfuko utakaouzwa mbele ya safari.

Mtetezi atasema kilobaiti 32 hazikuwa na nafasi ya utingo. Sawa, lakini mwendelezo wake, Elite Dangerous ya 2014, una mifumo ya nyota bilioni 400, na bei zake huitikia mauzo ya wachezaji. Watumwa bado wamo kwenye orodha ya bidhaa, kwa tani. Uchache wa kumbukumbu haukuwa sababu pekee.

Ushahidi mgumu zaidi kwa hoja hii ni EVE Online, iliyotoka Iceland mwaka 2003, ambako karibu kila kitu hutengenezwa na kuuzwa na wachezaji wenyewe. Kampuni yake hata iliajiri mwanauchumi mwaka 2007. Hapo soko lipo kweli. Lakini tazama kilichotokea: wachezaji walijikusanya katika miungano yenye viongozi, walinzi, hazina na visasi. Vita vya eneo la B-R5RB vya Januari 2014, vilivyohusisha wachezaji zaidi ya 7,500, vilianza kwa sababu ada ya kumiliki eneo hilo haikulipwa kwa wakati. Mfanyabiashara wa peke yake hupata shida kuuvuka ulimwengu huo bila mtu wa kumsindikiza.

Wabunifu wa michezo wa Kenya wamewahi kujaribu mbio na vita: Ma3Racer iliendesha matatu, Nairobi X ikaleta wavamizi wa angani jijini. Atakayejaribu biashara asianze kwa kunakili jedwali la 1984. Aongeze safu mbili ambazo Braben na Bell hawakuwa nazo: nani anamdai mchezaji, na nani anapakia mzigo wake. Safu ya watumwa aifute, au ampe kila aliyemo jina, kabila na njia ya kutoroka.