Filamu bubu ya fedha zilizofukiwa

Nyumba za Kiswahili za vyumba sita zinakwisha Kariakoo. Mzee akifariki, warithi hugawanyika: huyu anataka kiwanja kiuzwe kijengwe ghorofa, yule anataka kodi, na wa tatu anatafuta hati ilikofichwa. Kisa cha mali na tamaa kilichezwa zamani kwenye filamu bubu nchini mwetu, na mwaka 2025 mradi uliotengeneza filamu hiyo ulitimiza miaka 90 tangu uanze.

Mwaka 1935 Meja L. A. Notcutt na Geoffrey Latham walipiga kambi Vugiri, milima ya Usambara, kwa fedha za taasisi ya Carnegie ya New York. Hadi 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35, na Waafrika ndio waliozicheza.

Mojawapo ilihusu Benki ya Akiba ya Posta, iliyoanza Tanganyika mwaka 1925. Watu wawili wanapata fedha. Mmoja anazipeleka Posta, mwenzake anazifukia nyumbani kwake, na mwizi anazifukua. Filamu yenyewe haikuwa na sauti. Maneno yalirekodiwa kwenye santuri, kila lugha na yake. Lori lilizungusha mitambo ya kuonyeshea picha Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland. Picha na santuri vilipaswa kwenda sambamba. Sindano ikiruka, maneno yanaachana na midomo.

Katika kitabu chao cha 1937, Notcutt na Latham walishikilia kwamba Mwafrika anahitaji picha za polepole, zisizo na mbinu nyingi. Hapo walitudharau. Tamaa ya fedha haihitaji mkalimani, na mtu wa Kariakoo aliijua kabla lori halijafika.

Fedha za Carnegie zilipokwisha, serikali za kikoloni hazikukubali kuibeba kazi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kijana Rashidi Kawawa, waziri mkuu wetu wa baadaye, aliigiza katika Muhogomchungu, kisa cha mshamba aliyeingia Dar es Salaam. Kisha zikaja video, na baadaye Bongo Movie.

Leo filamu chache za Vugiri zilizosalia zimehifadhiwa London. Wakati sisi tunagombania viwanja vya wazee wetu, urithi huu hakuna anayeudai. Serikali iombe nakala zake, zionyeshwe hadharani Mnazi Mmoja, watoto wa Kariakoo wazione.