Seyyidna Ali (R.A.) na Wakosoaji Wasiokubali Kukosolewa

Baada ya vita vya Siffin, mwaka 37 Hijria (657), kundi lilijitenga na jeshi la Seyyidna Ali (R.A.), likapiga kambi Harura, karibu na Kufa. Walimlaumu kwa kukubali usuluhishi, ilhali wengi wao ndio waliomshinikiza aukubali.

Ibn Abbas (R.A.) aliwaendea. Kwanza aliwasikiliza, kisha akawajibu kwa Qur'ani: ikiwa Allah ameamrisha wasuluhishi baina ya mume na mke (4:35), na waadilifu wawili kuhusu mnyama aliyewindwa katika ihramu (5:95), basi damu ya Waislamu haistahiki zaidi? Wengi wakarejea. Waliobaki hawakutaka kukosolewa.

Hao nao Imamu hakuwadhulumu. Aliwaahidi mambo matatu: hatawazuia misikitini, hatawanyima fungu lao la fai maadamu wako pamoja naye, wala hatawaanza kwa vita. Hakuwapiga vita mpaka walipomuua Abdullah bin Khabbab na kukataa kuwatoa wauaji wake. Ndipo ikawa Nahrawan, mwaka 38 Hijria (658). Hapa mafakihi wengi walichukua hukumu kwamba mwenye kupinga hapigwi vita kwa maneno yake tu.

Basi asiyekubali kukosolewa tumsikilize, tumjibu kwa dalili, wala tusimnyime haki yake kwa sababu ya ulimi wake. Nasi tunaopanda mimbari kuwakosoa watu tujiulize: tukikosolewa, tutarejea pamoja na waliorejea, au tutabaki Harura?

Wallahu aalam.