Shanga mbili za Gilwell: historia ya kuwafunza viongozi wa skauti

Jumatatu, 8 Septemba 1919, watu wazima 19 walipiga kambi Gilwell Park, shamba lililo pembezoni mwa msitu wa Epping, karibu na London. Wote walikuwa viongozi wa maskauti, lakini kwa siku 12 vyeo viliwekwa kando. Waligawanywa katika vikundi vidogo kama vile vya vijana wao, wakapiga mahema, wakapika kwa kuni na kupokea amri kutoka kwa wenzao. Aliyewasimamia, Francis Gidney, alitaka waonje kwanza kile ambacho wangekwenda kuwafundisha wengine.

Mafunzo hayo yalizaliwa na uhaba wa viongozi. Kitabu cha mwaka 1908 cha Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, kiliwalenga wavulana, nao hawakusubiri kuongozwa. Walijiundia vikundi mitaani, kisha ndipo wakaanza kumtafuta mtu mzima wa kuwasimamia. Waliopatikana walikuwa na moyo, ila wengi hawakujua waanzie wapi. Kisha Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 vikawachukua wengi wao, na baadhi hawakurudi.

Vita vilipokwisha, kamishna mmoja wa skauti kutoka Uskoti, William de Bois Maclaren, alitoa pauni 7,000 kununua shamba la Gilwell. Yeye aliwafikiria watoto wa mitaa ya kimaskini ya mashariki mwa London, wapate pa kupiga kambi. Baden-Powell akaomba pawe pia chuo cha viongozi. Mpaka leo skafu ya waliohitimu ina kiraka cha kitambaa cha ukoo wa Maclaren.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Je, mtu asiyelipwa mshahara utamshikaje? Baden-Powell alitoa shanga za mti kutoka mkufu uliohusishwa na Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, ambao alisema aliupata katika kampeni ya kijeshi ya mwaka 1888. Namna ulivyomfikia ingali inabishaniwa, na kwa Wazulu shanga kama hizo zilikuwa nishani ya ushujaa. Wahitimu wa Gilwell walipewa shanga hizo, na zilipokuwa zinakwisha, nakala zikachongwa. Leo mhitimu huvaa mbili shingoni, zikiwa kwenye kamba ya ngozi. Wakufunzi huongezewa, tatu au nne.

Lakini kambi peke yake haikutosha kumpa mtu shanga. Utaratibu uliofuata ulikuwa na sehemu tatu: kambi, maswali ya kujibu kwa maandishi, na muda wa kuongoza kundi lake mwenyewe huku akifuatiliwa. Hiyo sehemu ya tatu ndiyo iliyokuwa na uzito, kwa kuwa ilimhakikishia kiongozi kwamba yupo mtu anayeifuatilia kazi yake.

Afrika Mashariki haiko mbali na habari hii. Baden-Powell aliishi miaka yake ya mwisho Nyeri, Kenya, akafariki huko 8 Januari 1941 na kuzikwa huko huko. Ofisi ya skauti ya kanda ya Afrika iko Nairobi. Huku kwetu viongozi wengi ni walimu, na udhaifu wa mpango huo unajulikana: mwalimu akihamishwa, kundi husambaratika, kwa sababu hakuna aliyeandaliwa kumrithi.

Mwaka 1993, mkutano wa skauti wa dunia uliofanyika Bangkok ulipitisha sera kuhusu watu wazima. Ilitaka mtu achaguliwe kwa kufaa, apewe jukumu linaloeleweka na la muda maalumu, afunzwe, asaidiwe, kisha muda ukiisha wakuu wa chama waketi naye waamue: aendelee, abadilishiwe kazi, au aagwe kwa heshima. Ukiiangalia vizuri, ni ile hoja ya Gilwell iliyoandikwa upya.

Vyama vya vijana, shule, misikiti na makanisa yetu huwa hodari wa kuomba watu wajitolee, lakini wavivu wa kuwafunza. Mtu hugharimia nauli yake, hupewa vijana 40, na hakuna anayemuuliza hali mpaka litokee kosa. Tusishangae akiacha. Kabla ya kutangaza nafasi nyingine ya kujitolea, tumtafute kwanza aliyepo, tumfunze, na tumpe msaidizi atakayejifunza kwake.