Kimeng'enya kinachoyeyusha damu iliyoganda: kwa nini saa 3 za mwanzo ndizo muhimu

Ukijikata na kisu jikoni, damu inatoka kidogo, inaganda, basi. Bonge hilo limefumwa kwa nyuzi za fibrini. Kinachosahaulika ni kazi ya pili: kidonda kikipona, bonge nalo liondoke.

Anayeliondoa ni plasmini, kimeng'enya kinachokatakata nyuzi hizo. Ila plasmini haizururi hovyo kwenye damu. Ini hutengeneza plasminojeni, yaani plasmini iliyolala, na kuta za mishipa hutoa kiamshi kiitwacho tPA. Kiamshi hicho hufanya kazi vizuri zaidi kikiwa juu ya bonge lenyewe, ndiyo maana damu haiyeyuki kila mahali. Wapo watu wachache wanaozaliwa na upungufu wa plasminojeni. Hao huweza kuota utando mgumu kama ubao ndani ya kope.

Sasa, kiharusi. Aina inayotokea zaidi ni ya bonge kuziba mshipa wa ubongo, na tPA ya mwili mara nyingi haiwahi. Hospitali zenye uwezo hutumia alteplase, ambayo ni tPA ya maabara, kupitia mshipa. Utafiti wa Marekani wa 1995 ulionyesha kwamba waliopewa ndani ya saa 3 walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki bila ulemavu mkubwa. Mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ukasogeza muda hadi saa 4 na nusu. Saa hizo huhesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho, siyo tangu alipofika hospitali. Kusubiri "labda mkono utaamka", au kumpeleka kwanza akachuliwe, ndiko kunakozimaliza.

Dawa hii ina hatari yake. Katika utafiti ule wa 1995, wagonjwa 6 hivi kati ya 100 walivuja damu kichwani baada ya kupewa. Kwa wasiopewa hawakufika hata 1. Na kama kiharusi chenyewe ni cha mshipa uliopasuka, alteplase inaweza kuua. Kwa macho tu huwezi kutofautisha aina hizi mbili, lazima CT Scan. Kwa sababu hiyohiyo, usimpe mgonjwa aspirini nyumbani.

Wodi ya wazazi tatizo hugeuka. Baada ya kujifungua, baadhi ya akina mama huyeyusha mabonge haraka mno, na damu haikatiki. Hapo inatakiwa dawa ya kuzuia: asidi ya traneksamiki, ambayo wengi huiita TXA. Huizuia plasminojeni isishike kwenye fibrini. Waliyoigundua ni wanasayansi wa Japani, Utako Okamoto na mumewe Shosuke.

Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa wanawake 20,060 katika nchi 21, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda. Kwa waliopewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, vifo vya kuvuja damu vilipungua kwa karibu theluthi moja. Baada ya saa 3, faida haikuonekana. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka huohuo.

TXA haichukui nafasi ya oksitosini; huongezwa juu yake. Dozi ni gramu 1 kwenye mshipa, na damu ikiendelea baada ya dakika 30, hutolewa nyingine.