Kasoro Iliyotafutwa kwa Gharama

Laurens Hammond wa Chicago alikuwa mtengenezaji wa saa za umeme kabla hajawa mtengenezaji wa vinanda, na ye yote atakaye kufahamu tabia ya kinanda chenye jina lake hana budi kuanzia hapo. Kwani mota ya namna ile ile iliyofuata mapigo ya umeme wa mji, ikaendesha akrabu za saa pasipo kukawia wala kutangulia, ndiyo aliyoitia katika kinanda alichokidhihirisha mwaka 1935, izungushe magurudumu madogo ya chuma yenye meno mbele ya sumaku zilizozungushiwa waya, na kila jino lipitalo liamshe wimbi la umeme ambalo spika huligeuza kuwa sauti.

Fadhila ya mpango huo ilikuwa dhahiri: kinanda hakikuhitaji fundi wa kulinganisha sauti zake. Taksiri yake nayo ilitoka papo hapo. Katika vinanda vya mabomba vya makanisa ya Ulaya hapana mabomba mawili yalinganayo barabara. Sauti zao hukaribiana na kuachana, na katika kupishana huko sikio husadiki kwamba limesikia jamaa ya waimbaji, hata wajenzi wengine wakaweka safu nzima iliyopotoshwa kidogo kwa makusudi. Kwa Hammond, ambako magurudumu yote yalitii mota moja, kuongeza oktava juu ya sauti hakukuleta mwimbaji wa pili, bali mwimbaji yule yule amepaza koo.

Dawa ya kwanza, iliyotokea mwaka 1936 katika modeli BC, ilikuwa ya kutumia nguvu: magurudumu ya ziada, mengine yakitoa sauti iliyozidi kidogo ile ya asili na mengine iliyopungua, zote zikachanganywa. Athari ya kwaya ilipatikana kweli, illa kinanda kilizidi uzito, kina na gharama.

Hekima ya John Hanert, mhandisi wa kampuni ya Hammond, iliyofika sokoni baada ya Vita Kuu ya Pili, ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Alipitisha sauti katika mlolongo wa koili na kapasita, kila hatua ikiichelewesha kitambo kidogo mno, kisha bamba lizungukalo likaiokota hatua kwa hatua, kwenda hadi mwisho na kurudi, karibu mara 7 kila sekunde. Bamba likielekea mwisho, sauti hushuka; likirejea, hupanda. Sauti hiyo iyumbayo ikichanganywa na ile iliyonyooka, kwaya huzaliwa. Na bamba lenyewe, kwa ajabu ninayoipenda kuliko zote, huzungushwa na mota ile ile iliyosababisha ukavu wa sauti zisizopishana.

Kwa dhati, mbinu ya pili si sawa na ya kwanza, maana huyumbisha sauti zote kwa mwendo mmoja, ilhali magurudumu ya BC yaliipa kila noti mapigo yake. Hata hivyo ndiyo iliyoshinda, ikadumu hadi modeli B-3 ya miaka ya 1950, pamoja na spika ya Don Leslie yenye tarumbeta izungukayo, ambayo Hammond mwenyewe aliikataa na wapigaji wakainunua vivyo hivyo.