Kumbi za Nakuru: Kutoka Ndondi hadi Mistari

Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900, na miaka minne baadaye kituo hicho cha treni kikatangazwa rasmi kuwa mji. Walowezi walijitwalia mashamba ya Bonde la Ufa. Waafrika waliopakia mahindi na pareto kwenye mabehewa, waliopika na kufua katika nyumba za wazungu, walitengewa mitaa yao. Bondeni ni mmoja wa mitaa hiyo mikongwe. Watu wa makabila na dini tofauti waliishi humo wakitenganishwa na kuta nyembamba, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha uani, dukani na bombani.

Historia ya hip hop huwa inaanzia Bronx, New York, Agosti 1973, DJ Kool Herc alipopiga muziki katika sherehe ya dada yake. Ni kweli, lakini haitoshi. Hip hop ilipofika mitaa kama Bondeni, Kivumbini na Flamingo iliwakuta watu waliokwisha kuzoea mashindano ya hadharani, na wenye lugha ambayo washairi wake wamekuwa wakijibizana kwa beti tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa. Kenya huru nayo ilikuwa na mfano wake wa mshairi aliyesema na dola: Abdilatif Abdalla, aliyefungwa mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa kisiasa, akatoka gerezani na mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina *Sauti ya Dhiki*.

Jambo moja husahaulika sana katika makala za aina hii, nalo ni ukumbi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilijenga kumbi za jamii katika mitaa ya Waafrika. Nia haikuwa njema sana: kijana anayerusha ngumi ulingoni au kucheza dansi Jumamosi, walidhani maofisa, hana muda wa siasa. Walikosea. Ukumbi wa Kaloleni jijini Nairobi uligeuka uwanja wa hotuba za siasa. Nakuru ilijipatia sifa kwa ndondi, na mpaka leo kuna ukumbi wa ndondi uitwao Madison Square Garden, jina lililobebwa kutoka New York kabla ya kijana yeyote wa Nakuru kuvaa kofia ya kinyumenyume. Philip Waruinge, bondia wa Nakuru, alitwaa shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 pamoja na Kombe la Val Barker, tuzo ya bondia mwenye ufundi kuliko wote katika mashindano hayo. Miaka minne baadaye, Munich, akachukua fedha.

Waruinge anahusika hapa kwa sababu ndondi ilikuwa na vitu vitatu ambavyo mradi wowote wa vijana unavihitaji: mlango unaofunguliwa saa ileile kila siku, mkubwa anayekurekebisha bila kukubembeleza, na watu wanaokuzomea ukiwa dhaifu. MC wa hip hop hukomaa kwa njia hiyohiyo. Anayeshangiliwa na rafiki zake tu hatajua kama mistari yake ina uzito.

Hadi mwaka 1990, matangazo ya Kenya yalikuwa mikononi mwa serikali. Kisha ikaja televisheni ya KTN. Mwaka 1991, Saleh Jabri wa Tanzania alitoa kaseti ya rapu ya Kiswahili iliyosikika kotekote Afrika Mashariki, na mwaka uohuo Jimmi Gathu akarapu kwenye televisheni ya Kenya kuhusu ajali za barabarani. Hardstone alikuja na «Uhiki» mwaka 1996. Lakini waliobadilisha masikio ya mitaa ya chini walikuwa Kalamashaka, vijana watatu wa Dandora, waliorapu kwa Kiswahili na Sheng kuhusu njaa, polisi na nyumba zisizo na choo. Albamu yao *Ni Wakati* ilitoka mwaka 2001. Nakuru iko kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, kwenye barabara kuu ya kwenda Uganda, na muziki huo ulisafiri zaidi kwa matatu kuliko ulivyosafiri kwa redio. Kijana wa Bondeni alisikia kwa mara ya kwanza mtaa unaofanana na wake ukitajwa bila aibu.

Kisha ikaja Januari 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi ziliifikia Nakuru mwishoni mwa mwezi huo. Mitaa ya Kaptembwo na Kwa Rhonda iliungua, kafyu ikatangazwa, na maelfu wakapiga kambi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133 nchini, na 744 kati ya hivyo vilitokea Bonde la Ufa. Jijini Nairobi wasanii waliunda Bunge la Hip Hop, wakikataa kuchochewa kwa kabila. Kwa mtaa uliochanganyika kama Bondeni hilo halikuwa wazo geni: duara la kughani halimwulizi mtu jina la babake.

Amani ikaleta wafadhili. Hapa nina shaka zangu. Nyimbo nyingi zilizolipiwa na miradi ya amani, ukimwi na uchaguzi zinafanana na mabango: ujumbe uko sahihi, na hakuna anayezikumbuka. Zilizodumu ni zile ambazo msanii alichagua mwenyewe cha kusema. Rapa Juliani, aliyelelewa Dandora, aliona mbali alipoanzisha Dandora Hip Hop City, kituo ambacho watoto wa mtaa wanaingia na kujifunza. Aliufungua tena mlango ule.

Nakuru ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Sensa ya 2019 ilikuwa imehesabu watu 570,674. Miezi michache baada ya hadhi hiyo, mwaka 2022, jina lililovuma lilikuwa la genge la Confirm, lililohusishwa na mauaji ya wanawake. Msako wa polisi ulifuata, na katika mitaa iliyotajwa kila kijana wa umri fulani akawa mshukiwa. Ni vigumu kuandika mistari huku unaogopa kusimama na wenzako wanne kwenye kona.

Aprili 2025, tamasha la kitaifa la drama la shule lilifanyika Nakuru. Wasichana wa shule ya Butere walikuja na mchezo *Echoes of War*, ulioandikwa na mwanasiasa Cleophas Malala kuhusu vijana na watawala. Malala alikamatwa. Wasichana walifikishwa ukumbini tarehe 10 bila vyombo vya sauti na bila hadhira. Wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka, huku nje polisi wakirusha gesi ya machozi. Hata hivyo wasichana hao walikuwa na amri ya Mahakama Kuu mkononi, na nchi nzima ikiwatazama. Kijana wa Bondeni anayetawanywa na askari kwenye duara la saa mbili usiku hana hata kimoja.