Mwili na Daftari la Hesabu

Katika mwaka wa 1862 aliishi mjini London mzee mmoja aliyeitwa William Banting. Kazi yake ilikuwa kutengeneza majeneza na kusimamia mazishi, na jamaa zake walisifika sana katika kazi hiyo hata wakakabidhiwa mazishi ya wafalme. Kimo chake kilikuwa futi 5 na inchi 5 tu, lakini uzito wake ulifika ratili 202. Hakuweza kuinama afunge kamba za viatu vyake, na aliposhuka ngazi ilimbidi ashuke kinyumenyume, polepole, ili magoti yake yasiumie.

Asidhani mtu kwamba Banting alikuwa mvivu. Tabibu mmoja alimshauri afanye mazoezi, naye akawa akipiga makasia mtoni kila alfajiri. Misuli yake ilipata nguvu, walakini njaa nayo ilizidi, na unene ukabaki pale pale. Alijaribu kuoga baharini, akajaribu na bafu za mvuke, yote hayakumfaa. Hatimaye masikio yake yalianza kuwa mazito, akamwendea William Harvey, daktari wa masikio. Huyo hakumpa dawa ya masikio. Alimkataza mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi, akamwachia nyama, samaki, mboga na matunda. Katika muda wa mwaka mmoja hivi Banting alipungua ratili 46, akarudi kushuka ngazi kama watu wengine. Kwa furaha aliandika kijitabu mwaka 1863, na kijitabu hicho kikaenea hata jina lake likawa kitenzi katika lugha ya Kiingereza.

Sisemi kwamba Banting alijua kila kitu. Alikunywa mvinyo kila siku, jambo ambalo daktari wa leo asingelisifu, na mkulima wa Kinangop angecheka kusikia viazi vikilaumiwa kwa ukali namna ile. Lakini liko neno moja katika kijitabu chake ambalo watu walilisahau upesi. Alisema kwamba kiasi cha chakula chaweza kuachiwa hamu ya mtu mwenyewe. Jambo kubwa ni aina yake. Banting hakuhesabu kitu.

Hesabu ilikuja baadaye kutoka Marekani. Katika miaka ya 1890 mtaalamu Wilbur Atwater, akisaidiwa na wenzake, alijenga chumba kidogo kilichozibwa barabara, akamweka mtu ndani yake kwa siku kadhaa, akapima joto lililotoka mwilini. Kipimo cha joto hilo ndicho kiitwacho kalori. Mwaka 1918 daktari mwanamke wa California, Lulu Hunt Peters, ambaye mwenyewe alikuwa amepata kuwa mnene, aliandika kitabu kilichowafundisha akina mama wasiseme tena "kipande cha mkate" bali waseme "kalori 100 za mkate". Kitabu kilinunuliwa sana. Tangu hapo mlo ukawa kama daftari la duka: yaliyoingia upande huu, yaliyotoka upande ule, na salio likawa mafuta kiunoni.

Hesabu hiyo si uongo. Mtu akila pungufu ya matumizi yake atapungua. Hapana mwujiza wa kuikwepa kanuni hiyo. Kosa ni kudhani kwamba mwili ni debe, watu wanachota nalo limenyamaza.

Jambo hili lilionekana wazi katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili. Ancel Keys alitaka kujua namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa. Vijana 36 waliokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri zao walijitolea wapimwe. Kuanzia Februari 1945, kwa majuma 24, walipewa viazi, mkate na makaroni kwa kiasi cha karibu nusu ya chakula chao cha kwanza, wakatakiwa kutembea maili 22 kila juma. Walipungua robo ya uzito wao. Lakini tazama mwili ulivyojibu! Mioyo ilipiga polepole, walisikia baridi wakati wa joto, nguvu zikawekwa akiba kama mafuta ya taa katika nyumba ya maskini. Vijana waliokuwa na mazungumzo ya dini na siasa sasa walizungumza chakula tu, wakasoma vitabu vya mapishi, wakalamba sahani. Nao waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula bila kushiba, na mafuta yakarudi kabla ya misuli.

Nilipata kumsomea habari hii mwanafunzi wetu mmoja wa ualimu, aliyekuwa akiandika kalori zake katika daftari na kuishi kwa chai na nusu kipande cha mkate. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, hata mimi huota chapati."

Wataalamu wa siku hizi wamezidi kuyathibitisha hayo. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake walieleza habari za watu 14 walioshindana kupunguza unene katika mchezo wa televisheni wa Marekani. Baada ya miaka sita wengi wao walikuwa wamerudiwa na sehemu kubwa ya uzito wao, na miili yao ingali ikitumia nguvu chache kuliko ilivyotazamiwa.

Kisha, mwaka 2019, Hall huyo huyo alitoa habari ya watu 20 waliokaa hospitalini Bethesda. Majuma mawili waliandaliwa vyakula vilivyotengenezwa viwandani hata havifanani na asili yake. Majuma mawili mengine vyakula vya kupikwa, vya hali ya asili. Sukari, mafuta na kalori zilizoandaliwa mezani zililinganishwa, na kila mtu aliambiwa ale apendavyo. Kwa vyakula vya viwandani walikula upesi zaidi, wakapitisha kalori 500 hivi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Kwa vyakula vya asili walipungua kiasi hicho hicho, wakiwa wameshiba, wala hapana mmoja wao aliyeambiwa ahesabu kalori.